Nyanjige na Alhamisi ya Michembe

"Nyanjige mwanangu, hivi ni kweli wamekupeleka Mwanza ukajifunze kula?"

Mama Philomena, jirani wa pale Mwamanyili, ndiye aliyeuliza, akiwa upande wa pili wa uzio wa minyaa na kibakuli cha chumvi aliyokuja kuazima. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amesikia habari nusu kanisani na nusu kisimani, akaziunganisha mwenyewe.

Nyanjige alikuwa juu ya jabali anaanika michembe na mama yake, vipande vya viazi vitamu vimetandazwa kila mahali mpaka hapakuwa na pa kukanyaga.

"Si kujifunza kula, mama Philomena. Ni kujifunza kuwapanga watu wale vizuri."

"Kuwapanga. Kama kwenye maandamano ya Ekaristi?"

"Karibu na hapo."

"Basi Mungu akutangulie. Kwangu mimi watoto wakishaona sufuria hawapangiki."

Akachukua chumvi yake akaondoka, na jioni hiyohiyo kijiji kizima kikajua kwamba binti wa mzee Mabula anasomea kula.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Nyanjige alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja pale Bariadi, mwaka wa pili. Bwalo la chuo chao lilipika wali na maharage, kesho yake maharage na wali. Mchele ulitoka mbali, unga ulitoka mbali zaidi, na nusu ya chakula iliishia kwenye ndoo ya nguruwe. Huku nje ya geti dengu, karanga na viazi vya Simiyu vilikosa mlaji. Wakaja watu wenye mafunzo ya mwaka mzima kwa vijana wa vyuo vya kanda ya ziwa, ili wawe wahamasishaji, yaani wawaamshe wenzao mpaka chakula cha chuo kitoke kwa wakulima wa jirani, kiheshimu ardhi, na kisimwagwe. Nyanjige akaomba, akachaguliwa, akawa anakwenda Mwanza kwa vipindi.

Mkufunzi wao aliitwa Januarius, kijana mpole wa Mwanza mwenye miwani, aliyependa sana kuchora miduara ubaoni. Aliwafundisha kwamba mhamasishaji hapigi kelele. Anamfuata mtu mmoja mmoja, anamsikiliza, halafu anawaleta mlaji, mpishi, mkulima na mwenye mamlaka kwenye meza moja. Hapo kwenye meza moja Januarius alichora mduara mkubwa kuliko yote, akaupaka rangi. Kazi ya kumaliza mafunzo ilikuwa moja tu: kila kijana ahakikishe mlo mmoja wa kwao unaingia kwenye ratiba ya bwalo la chuo chake, na unabaki. Usipoingia, hupati cheti, unarudi nyumbani na daftari lako la miduara.

Nyanjige akaanza na mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo akagundua kwamba Januarius hajawahi kuishi Bariadi. Mpishi mkuu, mzee Athanasi, alikuwa mtu wa salamu. Ukimwambia mwadila, anakujibu, anakuuliza nyumbani, anakuuliza ng'ombe, anauliza mvua ya kwenu, anataka kujua bibi anaendeleaje na mguu. Mpaka habari za bibi ziishe, kengele ya kipindi imelia. Nyanjige alimfuata mara nyingi kabla ya kufika kwenye neno michembe.

"Michembe?" alisema Athanasi alipolisikia hatimaye. "Ng'wanone, mwanangu, mimi napika michembe tangu wewe hujazaliwa. Tatizo si mimi. Tatizo ni hao wenye simu kubwa."

Hao wenye simu kubwa walikuwa wanafunzi, na kweli walikuwa tatizo. Maganga, mwenyekiti wa serikali ya wanafunzi, alimsikiliza Nyanjige kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema, "Dada, mimi nyumbani Mwanhuzi nilikimbia michembe. Nimekuja huku kusoma, na michembe nayo imefaulu imenifuata?"

Wenzake wakacheka mpaka wakaegemeana. Tangu siku hiyo Nyanjige akipita wanamwita Mama Michembe, naye anaitika. Binti huyu Mungu alimjalia jambo moja, hanuni. Ukimtania anakutania, kisha anakuuliza kama Alhamisi utakuja.

Alhamisi ilikuwa hivi. Makamu mkuu wa chuo, Mwalimu Masunga, ndiye aliyeshika ratiba ya bwalo. Alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, hapendi maneno mengi. Nyanjige alipomfuata mara ya tatu akakubali, lakini kwa sharti, na akalitamka mbele ya wanafunzi wote uwanjani asubuhi.

"Alhamisi nitakula bwaloni, mbele yenu. Nikimaliza sahani, kila Alhamisi ni ya chakula hiki. Nikiacha hata kipande, tunarudi kwenye wali, na mada imefungwa."

Nyanjige akalala na furaha. Sahani moja tu, na mtu mzima wa Kisukuma aliyelelewa kwa michembe. Akafuata mafunzo neno kwa neno. Mlaji atakuwa Maganga, mpishi ni Athanasi, mwenye mamlaka ni Makamu. Kwa upande wa mkulima akampigia simu mama Nyamizi wa kwao Mwamanyili, kiongozi wa kwaya, mama ambaye viazi vyake ni vitamu kuliko vya mtu mwingine yeyote kule. Mama Nyamizi akaja na gunia lake na kitenge kipya.

Siku yenyewe bwalo likafurika, wengi wakiwa wamekuja kutazama tu. Meza ya mbele ilitandikwa kitambaa cheupe, viti vinne. Ukutani Januarius alifunga bango alilokuja nalo kutoka Mwanza, limeandikwa MKULIMA NA MLAJI, MEZA MOJA. Athanasi alikuwa amepika michembe kwa karanga mpaka mchuzi umeng'aa, pembeni dengu na mboga kavu ya kunde, nsansa, iliyotiwa maziwa. Mama Nyamizi akaketi kiti cha kwanza, mikono magotini, anatazama chakula kama mama anavyomtazama bibi harusi.

Makamu akaingia mlangoni. Alikuja anatabasamu, anapunga mkono. Akafika hatua chache kutoka mezani, akainua macho, akageuka palepale kwa kisigino kama mtu aliyesahau jiko linawaka, akatoka nje.

Mama Nyamizi naye akajifunika kitenge kichwa kizima, akageuza kiti, akakaa anatazama ukuta.

Sauti ikatoka nyuma ya bwalo: "Makamu amekimbia michembe."

"Ameinusa tu," alijibu mwingine, "hata hajaonja."

Januarius akamwinamia Nyanjige sikioni. "Ana mzio wa karanga?"

Nyanjige alikuwa ameshatoka mbio. Alimkuta Makamu amesimama nyuma ya tanki la maji, tai imekaa begani.

"Mwalimu, shikamoo. Ni michembe tu."

"Marahaba. Nyanjige, nani alikwambia umlete yule mama?"

"Ni mkulima wetu, Mwalimu. Ni mtu wa dini, hana neno."

"Najua ni mtu wa dini. Ndiye mama wa mke wangu."

Nyanjige akashika kichwa. Alijua kabisa kwamba binti wa mama Nyamizi ameolewa na mwalimu wa Bariadi. Lakini Bariadi walimu ni wengi, na hakuwahi kuuliza ni yupi. Kwa Wasukuma wanaoshika desturi, mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele yake. Wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Na yeye, binti wa Kisukuma aliyezaliwa na kukulia humo, ndiye aliyewawekea viti vya kutazamana na sahani katikati.

"Mwalimu, wewe si umesoma mpaka shahada ya pili," alijaribu.

"Shahada ni ya chuo. Mkwe ni mkwe."

"Basi tukuletee sahani ofisini."

Maganga alikuwa ameshafika, akalikataa hilo kwa upole. "Makamu, ulisema bwaloni, mbele yetu. Ukila ofisini watasema umemwagia paka."

"Basi mama atoke kidogo," alisema Makamu.

"Atokeje?" aliuliza Nyanjige. "Mlango ni huo mmoja, na wewe umesimama kwenye njia yake. Halafu ni mgeni, ametoka Mwamanyili na gunia kichwani. Nimtoe na njaa?"

Wakasimama pale wote watatu. Ndani mama mkwe hawezi kutoka kwa sababu mkwe yuko nje, nje mkwe hawezi kuingia kwa sababu mama yuko ndani, na chakula kinapoa. Nyanjige akaona cheti chake kinapoa pamoja na mchuzi. Akasema moyoni Salamu Maria moja fupi, na alipofika kwenye amina akalikumbuka bango.

Yeye na Maganga wakarudi ndani, wakalifungua kutoka ukutani, wakalikunja katikati maandishi yakabaki nje pande zote mbili. Maganga akashika upande mmoja, Januarius upande wa pili, wakalisimamisha katikati ya meza kama pazia. MKULIMA akabaki upande wa mama Nyamizi na MLAJI upande wa Makamu. Januarius, ambaye hakuwa Msukuma, alishika bango lake kwa uso wa mtu anayeshuhudia miduara yake yote inafutwa.

Makamu akaingia kwa ubavu, macho juu kwenye bati, akapapasa kiti, akaketi. Akachukua kijiko. Kikagonga sahani, na kutoka nyuma ya bango mama Nyamizi akakohoa kwa aibu. Makamu akaweka kijiko chini.

Mama Nyamizi alikuwa mtu wa huruma. Aliona kwamba akiendelea kusikia mkwe wake anatafuna, hawatamaliza leo. Akaanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa wakati wa sadaka, ule wa taratibu wenye beti nyingi, na sauti yake ilijaza bwalo mpaka jikoni. Athanasi, ambaye naye aliwahi kuwa mwanakwaya, akamwitikia kwa sauti ya chini akiwa na mwiko mkononi. Wanafunzi wakadakia. Baadhi yao kwa mazoea wakaanza kupapasa mifuko wakitafuta cha kutoa.

Chini ya kelele hizo takatifu Makamu akala. Alikula haraka kama mtu aliye vitani, na kila ubeti ulipokaribia mwisho alisimamisha taya mpaka mwingine uanze. Watu wa upande wake waliimba huku wanahesabu vipande. Alipobakiza viwili, Januarius akapiga chafya na upande wake wa bango ukalegea. Makamu akatoweka chini ya meza na sahani yake. Alipoibuka, bango likiwa limesimama tena, sahani ilikuwa tupu.

"Amevimwaga," alisema mmoja.

"Amekula," alisema mwingine.

Maganga akamwachia mwenzake bango, akapiga magoti, akachungulia chini ya meza yote mpaka nyuma ya viatu vya Makamu. Akatoka na kutangaza kwamba sakafu ni safi na Makamu ana soksi za rangi mbili.

Bwalo likapiga makofi, na Nyanjige akaanza kupumua. Lakini mama Nyamizi alikuwa hajamaliza. Hawezi kusema na mkwe wake moja kwa moja, basi akamwita Nyanjige upande wake.

"Ng'wanone, mwambie huyo mtu aliye huko kwamba kwangu mtu haonjeshwi mara moja."

Nyanjige akazunguka bango. "Mwalimu, mama anasema kwake mtu haonjeshwi mara moja."

Makamu akatazama sahani ya pili inavyokuja. Huyu ni mtu aliyewahi kumkatalia afisa wa wilaya, akamkatalia mzabuni wa mchele, na Nyanjige mwenyewe akamkatalia mara mbili bila kuinua kichwa. Lakini mama wa mke wake hakuwa na namna ya kumkatalia. Akala ya pili.

"Mwambie ahsante," alisema, analegeza mkanda.

Nyanjige akazunguka bango. "Mama, anasema ahsante."

"Muulize kama chumvi imekaa."

"Mwalimu, anauliza kama chumvi imekaa."

"Imekaa."

"Amesema imekaa, mama."

"Hajasikia vizuri ladha. Mwongezeeni."

Sahani ya tatu Makamu aliila kwa macho tu kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akaimaliza, akasimama, mkono tumboni, akatangaza mbele ya wote kwamba Alhamisi ni ya michembe, na kama bwalo linataka, Jumanne nayo, ila kwa leo anaomba kwenda kulala. Akatoka kwa ubavu kama alivyoingia.

Wanafunzi walimaliza masufuria. Maganga alikwenda mara mbili na hakutaka kuulizwa. Ndoo ya nguruwe siku hiyo ilikuwa na maganda tu. Januarius aliikunja karatasi ya cheti cha Nyanjige mara nne kwa furaha, ikabidi achapishe nyingine.

Michembe ikaingia kwenye ratiba na imebaki. Jambo moja tu ndilo lililosumbua. Mama Nyamizi alipenda safari ile. Alhamisi iliyofuata alileta gunia mwenyewe, na ya baadaye vilevile, na kila mara akauliza kupitia kwa Nyanjige kama huyo mtu ameshiba. Makamu alianza kuvaa mashati bila kuchomekea. Mwishowe akamwita Nyanjige ofisini, akamwambia kwa upole kwamba anaipenda Alhamisi, lakini ikiendelea hivi atairudisha kwenye wali ili apate kupona.

Jioni hiyo Nyanjige akapiga simu Mwamanyili, kwa akina mama wa kwaya, wakiwa wote wamekusanyika mazoezini. Akawasalimia mmoja mmoja, akauliza nyumbani, akauliza mvua. Halafu akasema:

"Mama zangu, naomba Alhamisi ijayo mzigo aulete mtu mwingine. Yeyote yule, ila asiwe na mkwe pale chuoni."