Mchele wa Dada Yangu Usiovunjika

Nilimwonyesha mzungu chungu cha dada yangu kwa mikono yangu hii. Sikusoma sana: chuo cha Kurani, darasa moja la mapadri, na Kifaransa nilichookota jikoni kwa wazungu. Lakini hili nitaliandika bila kukosea.

Dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, aliachwa na bwana wake, akabaki na watoto watatu, hapa Kasongo. Kilichowalisha ni mchele. Wanawake wengine walitwanga mpunga mkavu, nusu ikatoka chenga. Yeye aliuloweka, akauchemsha na maganda yake, akauanika kivulini, ndipo akatwanga. Punje zilitoka nzima. Wachuuzi wa Kabambare waliupita mchele wa kiwanda, wakaja kwake. Hakumfundisha mtu.

Akaja mzungu mmoja, ametumwa na shule kubwa ya kwao kuchunguza kwa nini kinu cha mwanamke kinaishinda mashine sokoni. Mimi nikawa mkalimani wake. Alimwaga mchele wa dada juu ya kitambaa cheusi, akahesabu punje nzima na zilizovunjika.

“Kuku wangu wana akili kumushinda huyu,” dada akaniambia. “Wao wanameza tu.”

Tulicheka. Akampakulia wali na sombe, yale majani ya muhogo, akamwekea barazani, maana mgeni ni mgeni. Mzungu alipokwisha kula akauliza: kabla ya kutwanga, mama anafanya nini?

Dada akaanza kukusanya vyombo.

“Yaya, mutu amekula kwako,” nikamwambia. Kwetu aliyekula chunguni mwako humfichi jiko.

“Nimemupa chakula, sikumupa chungu. Mwambie natwanga tu.”

Sikumwambia hivyo. Nilitaka aone kwamba hata kwetu akili iko. Dada alipokwenda mtoni nilimpeleka mzungu nyuma ya nyumba, nikamwonyesha mpunga unaolowa, nikamweleza mpaka saa ya kuepua: maganda yanapoanza kufungua midomo. Akaandika yote. Akanipa mkono, akasema nimesaidia elimu.

Msimu uliofuata kiwanda kikaweka mapipa ya kuchemshia mpunga. Mwenye kiwanda akamwendea mzungu wa serikali, na amri ikatoka: mpunga wote uende kiwandani, mchele wa kutwanga usiuzwe tena. Chifu wetu akaitangaza sokoni, yeye aliyekula mchele wa dada kila Idi. Polisi wakapasua kinu cha dada kwa shoka, naye akapelekwa kulima pamba ya lazima pamoja na wengine.

Basi nawataja: mchunguzi, mwenye kiwanda, mzungu wa serikali, chifu. Wa tano ni mimi, na wale wanne hawakuwa ndugu zake.

Dada hakunitukana hata siku moja. Nilikuwa nimezoea kula naye jikoni, tunachovya bakuli moja. Baada ya hapo, nikienda kumwona, alinipikia wali wa kiwanda, punje nzima, manjano kidogo kama zake za zamani. Aliniwekea barazani, peke yangu, pale pale alipomwekea mzungu, akarudi ndani akavuta mlango.