Nyumba yetu ya kwanza Kanduyi, na akiba niliyoilaza juu ya simiti mbichi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaouliza kama wanunue nyumba sasa ama wangoje. Kila mtu anashauri kuhusu title deed na msingi. Sijaona anayezungumzia mwaka unaofuata baada ya kuhamia.

Basi wacha niseme wangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Central wakanunua shamba Trans-Nzoia, nikazaliwa huko Kitale. Mke wangu Nafula ni mtu wa Misikhu, na anauza vitunguu na nyanya sokoni huko. Tulikaa nyumba za kupanga Kitale miaka tisa, tukihama hama kila landlord akiamka vibaya.

2003 tukapata nyumba Kanduyi, ukingoni mwa mji wa Bungoma. Vyumba vitatu, mabati, choo nje, sakafu ya udongo. Mwenyewe alikuwa mwalimu aliyepewa transfer na alikuwa na haraka ya kuuza.

Pesa ilitosha, lakini kwa kukwangua mpaka chini.

Nafula akaniambia, "Baba Wambui, si tuombe mwalimu atungoje miezi mbili, tubaki na kitu kidogo?"

Nikamjibu kwamba nyumba yenyewe ndiyo akiba. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma sana. Nikalipa yote, hata pesa ya kununulia kitambaa cha kazi.

Mafundi wenzangu mnajua pesa ya kitambaa haiguswi. Ukiigusa unabaki kushonea watu vitambaa vyao wenyewe, na faida inakuwa ya uzi na sindano tu.

Tulihamia, tukafurahi wiki mbili. Kisha mtoto wetu mdogo akashikwa na malaria, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba huwezi kukata kipande cha nyumba ukakipeleka dispensary. Nilizunguka kwa majirani nisiowajua vizuri nikiomba pesa ya dawa.

2004 yote tulijenga akiba upya. Nafula aliingia merry-go-round ya akina mama wa soko, ile ya kuchanga na kupokea kwa zamu. Mimi nilishona uniform mpaka macho yakauma. Chai ilikuwa ya rangi, nyama ni ya Krismasi tu. Ajabu ni kwamba hatukugombana sana mwaka huo. Tulikuwa tunazungumza zaidi kuliko tulipokuwa na pesa.

Kufika Novemba tulikuwa na kitu cha maana.

Sasa hapa naomba mnisikize vizuri.

Sisi watu wa Kitale tuna ugonjwa wetu. Pesa ikikaa tu tunaona inalala njaa. Nyumbani kwetu akiba ilikuwa mahindi. Unanunua baada ya mavuno bei ikiwa chini, unaweka ghalani, unauza Mei bei ikipanda. Mama yangu alitusomesha watoto watano kwa njia hiyo.

Nikatoa pesa yote, nikaenda kwa wakulima wa Ndalu, nikanunua magunia ishirini ya mahindi. Binti yetu wa kwanza, Wambui, alikuwa anaingia form one. Term ya kwanza ningelipa kwa pesa ya uniform za Januari. Term ya pili ilikuwa ndani ya hayo magunia.

Lakini ghala la mama limeinuliwa juu ya nguzo, na upepo unapita chini. Mimi nilikuwa na chumba. Chumba chenyewe nilikuwa nimekipiga simiti wiki moja tu iliyopita, na nilijivunia sakafu hiyo sana. Nikapanga magunia moja kwa moja juu yake, nikapigilia mabati dirishani ili majirani wasijue tuna nini.

"Na mbao ya kuweka chini iko wapi?" Nafula akauliza.

Nikasema simiti ni safi kuliko mbao.

Kwa wasiojua: simiti mpya hutoa unyevu muda mrefu, hata ukiiona imekauka juu. Tena yale mahindi niliyanunua mbio mbio na sikuyaanika tena. Mtoto wa mkulima mzima!

Aprili shule zilipofungwa nikafungua chumba. Harufu ikanijia kama ya pombe ya kienyeji. Magunia ya chini yalikuwa moto ukiyashika. Nikachana moja, mahindi yakatoka yameshikana, mengine ya kijani, mengine meusi. Magunia manane kati ya ishirini.

Niliketi kwenye sakafu yangu nzuri nikalia, wakuu.

Kesho yake nikaita broker wa mahindi. Alichukua yale kumi na mawili mazuri kwa bei ya chini, maana niliogopa nayo yataoza. Kisha akayatazama yale manane.

"Hizo pia nipatie, bana," akasema. "Nitakupea nusu bei. Tunachanganya na mzuri. Ikishasagwa nani atajua?"

Mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumesikia redioni watu wa upande wa Ukambani wamekufa kwa kula mahindi yenye ukungu wa aina hiyo. Nilijua vizuri. Nikakubali, nikapokea na deposit. Nimeishi na aibu hiyo mpaka leo.

Nafula aliporudi kutoka sokoni nikamweleza, nikidhani atafurahi. Akatua beseni lake chini polepole.

"Ati nini? Hiyo unga si ndio italetwa Misikhu? Mama yangu ananunua hapo. Wateja wangu wote wananunua hapo. Unataka tulipe fees ya Wambui na tumbo ya mtoto wa nani?"

Nikajitetea kwamba si sisi tunaosaga.

"Rudisha pesa ya wenyewe," akasema, akaingia jikoni.

Nilirudisha. Broker alinicheka mbele ya watu. Mimi na Nafula tukachimba shimo nyuma ya choo, tukazika magunia manane kwa siku mbili. Mtu aliyelelewa akifundishwa kuokota hata punje iliyoanguka, kazi hiyo inamvunja moyo. Nafula hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi.

Pesa ya yale mazuri haikutosha fees. Term ya pili ikaanza Wambui akiwa nyumbani. Alikuwa akinisaidia kushona vifungo. Mchana mmoja akaniuliza bila kuinua macho:

"Baba, sasa tutauza nyumba?"

Nikamwambia hapana, imekuwaje awaze hivyo?

"Nimeuliza tu."

Baadaye nikaingia chumbani mwao kutafuta mkasi. Vitabu vyake vyote vilikuwa ndani ya katoni, pamoja na nguo za mdogo wake, zimekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilinunua nyumba ili watoto wangu waache kuishi hivyo, na huyu alikuwa ndani yake akingoja kuhama.

Nilizifungua zile kamba mwenyewe, nikarudisha vitabu mezani.

Akina mama wa soko walikubali kumpa Nafula zamu yake mapema, Wambui akarudi shule wiki ya nne. Tangu hapo kila tulichopata, sehemu ya kwanza iliingia kwenye account ya jina la Nafula. Haikugeuzwa mahindi, ng'ombe wala plot. Niliomba iwe ya jina lake kwa sababu yeye anaweza kukataa, na mimi najijua. Ilichukua miaka miwili kabla nione imefika mahali nikashusha pumzi.

Nilichojifunza ni kwamba bei ya nyumba si ile anayotaja muuzaji peke yake. Ongeza na ile pesa itakayowafanya watu wako wakae humo bila wasiwasi. Kama huna hiyo ya pili, bado hujafikisha bei. Ngoja hiyo miezi miwili.

Sasa nyinyi mliohamia kwenu tayari: siku mlipomlipa muuzaji, mlibaki na nini? Semeni ukweli, hata kama ni sifuri. Mimi nilibaki na sifuri, na kwa miaka miwili nilidhani nimewaficha watoto jambo hilo.