Mama Bonyeza hauzi skonzi kabla mama mkwe hajaonja

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Bonyeza anavua saa yake ya mkononi, anaiweka juu ya friji, kisha anapasua pakiti ya kwanza ya skonzi kwa meno.

"Mkasi upo," anasema kabla hajaulizwa. "Lakini nyumba hii mkasi unauona usipouhitaji."

Anazipanga skonzi kwenye trei. Anachukua glasi ndogo ya chai, anapaka siagi kwenye kitako chake, anaibonyeza katikati ya skonzi ya kwanza. Glasi inazama taratibu na kuacha shimo la duara. Anahamia ya pili, ya tatu, mkono unakwenda wenyewe. Hapo ndipo jina lilipotoka, na wauguzi wa hospitali ya jirani hawamjui kwa jina jingine.

Kwenye bakuli anatia jibini laini ya kopo, sukari, kiini cha yai, vanila na maji ya ndimu. Anakoroga mpaka rojo inang'aa. Ungedhani sasa atajaza yale mashimo. Wapi! Anachota kijiko kimoja, anakikinga kwa kiganja, anakwenda nacho hadi chumba cha pili. Humo, bibi mwenye miwani mizito amekaa kitandani, shali mabegani, anamsubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete."

Bibi anaonja. Anafumba macho. Mkwewe amesimama mlangoni mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Ndimu," bibi anatamka. "Kidogo tu."

"Haya mama."

Mama Bonyeza anarudi jikoni, anaokota kipande cha ndimu kwenye kisahani, anakikamua juu ya bakuli, anakoroga tena. Kijiko cha pili kinakwenda chumbani.

"Ee, hapo sasa! Wapelekee watu wale."

Ndipo rojo inapojazwa, juu yake tone la jemu, kingo zinapakwa yai, na trei inaingia kwenye oveni. Kwa kuwa skonzi zilishaokwa kiwandani, hazikai sana. Jibini inaposhika na kingo kugeuka rangi ya asali, zinatoka. Zikipoa kidogo zinachorwa michirizi ya sukari ya unga iliyolainishwa kwa maziwa. Basi, kazi imekwisha.

Aliyekuja hapa kutafuta siri kubwa ya mapishi atanisamehe, hakuna. Mwenyewe hafichi.

"Wananiuliza, Mama Bonyeza, unga unaukanda saa ngapi? Nawaambia unga ameukanda mwenye kiwanda, mimi nimekanda pakiti tu," anasema na kucheka. "Kazi ni nyepesi. Anayetaka kujifunza aje, chai haijachemka atakuwa ameshajua."

Sasa kama kazi ni nyepesi hivyo, na vipimo ni vilevile kila siku, kijiko kile cha alfajiri ni cha nini?

Jibu lake la kwanza ni pua. Miaka minne iliyopita alishikwa na mafua mazito yaliyomlaza wiki nzima. Mafua yakaondoka, na harufu zikaondoka nayo. Akinusa kitunguu, hamna kitu. Akinywa chai, ni maji ya moto.

"Pua ilikufa, ulimi ukaifuata," anasema. "Daktari aliniambia huenda zitarudi. Nazisubiri. Mgeni asiyesema siku ya kuja, unafanyaje?"

Kabla ya hapo alikuwa akiosha masufuria kwenye jiko la hoteli. Hoteli ikafungwa. Kaburi la mumewe, fundi umeme, lilikuwa bado bichi, binti yao yuko darasa la kwanza. Akajaribu kuoka vitafunwa vile alivyowaona wapishi wakivitengeneza kwa unga wa kukunja mara nyingi. Unga ukamshinda. Akikunja huku, unachomoza kule. Kikitoka kwenye oveni, ni kitu cha kuzuilia mlango.

Aliyevila vyote bila kunung'unika ni mama mkwe.

"Sikunung'unika kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa," bibi anapaza sauti kutoka chumbani. Masikio yake hayana umri.

Ni yeye pia, kwa kosa lake, aliyeanzisha biashara. Asubuhi moja alinunua skonzi dukani, wakakaa kunywa chai. Miwani aliisahau chumbani. Akashika glasi yake, akaitua juu ya kile alichodhani ni kisahani. Kilikuwa skonzi. Ilipoinuliwa, skonzi ilikuwa na shimo zuri la duara, kama imechongwa.

"Mimi nikaanza kuomba radhi, nimeharibu chakula," bibi anakumbuka. "Mwenzangu anaitazama tu ile skonzi. Nikasema huyu leo kachanganyikiwa. Mara kaenda kuchukua jibini iliyobaki, kaijaza mle."

Leo Mama Bonyeza anauza trei tano kwa siku, na sita mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba inalipwa kwa wakati na binti hajawahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kuweka akiba ndiko kunakokwenda kwa kuchechemea.

Lakini mwaka huu alikaribia kupoteza kitu kisichonunuliwa dukani.

Mumewe alipofariki, kaka mkubwa wa marehemu alisema, "Mama akae hapa kwanza, tutaona." Hilo "tutaona" likachukua miaka sita. Kisha shemeji akamaliza kujenga. Ni mtu mwema, kila mtu anasema hivyo, hata mke wa mdogo wake. Amemtengea mama yake chumba chenye vigae, choo humohumo ndani, na dirisha linalotazama bustani. Watu walishaanza kumuuliza kwa nini mama anaishi kwa mjane ilhali mtoto wa kwanza yupo.

Akapiga simu: Jumamosi anakuja kumchukua.

"Ningesema nini?" anauliza Mama Bonyeza. "Mume wangu ndiye aliyetuunganisha, na hayupo. Yule ni mwanawe wa kumzaa. Nikimwambia mama usiende, nitakuwa nimemtenga na mwanawe. Nikikaa kimya, ataona nimemchoka. Niliumia, sikufichi. Nilikuwa nabonyeza skonzi machozi yananitoka, nasingizia moshi. Na oveni ni ya umeme!"

Mama mkwe naye hakusema neno. Wanawake wawili wasioishiwa maneno, wiki nzima wakawa wanazungumzia hali ya hewa. Ijumaa jioni, begi la buluu likatokea mlangoni, limefungwa zipu, limetuna.

"Nilipoliona lile begi nikajua basi tena, ameamua," anasema.

Jumamosi shemeji alifika kabla jua halijachomoza, shati limenyooshwa, gari la kukodi linasubiri nje. Akakaribishwa chai. Jikoni kazi ikaendelea kama siku zote, na kijiko kikaletwa kama siku zote, safari hii mbele ya mgeni.

Bibi akaonja. Uso wake ukajikunja wote, kisha taratibu ukajikunjua. Akameza.

"Mpe na shemeji yako aonje," akasema.

Shemeji akapokea kijiko kingine, akakitia mdomoni chote. Macho yakamtoka. Lakini ugenini, mbele ya shemeji yake, mtu hatemi.

"Tamu, shemeji," akasema kwa shida. "Ina... ina ladha. Naomba maji."

"Tamu?" bibi akamrukia. "Wewe ndiye wa kupelekwa hospitali! Mwenzio katia chumvi mahali pa sukari. Hii ukimpa ng'ombe analamba mpaka jioni. Wauguzi wangeila hii leo, wangelazwa kwenye vitanda vyao wenyewe!"

"Basi mama, bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya ya leo. Na ya kesho? Hana pua huyu, hana ulimi. Mimi nikikaa kwenye vigae vyako natazama maua, huku nani ataonja?"

"Si mjukuu wako yupo?"

"Mjukuu wangu mpe sukari tupu, atakwambia iko sawa. Mwanangu, nakushukuru, Mungu akuzidishie. Chumba hicho kiweke, nitakuja kukutembelea nikipata likizo. Mimi nina kazi."

Shemeji akamtazama mama yake, akamtazama mjane wa mdogo wake, akacheka mpaka akashika tumbo. Akainuka kulirudisha begi chumbani. Mama yake akamkemea, "Liache hapohapo, wewe! Kunywa chai yako." Akaliacha. Aliondoka na trei nzima ya skonzi zilizotengenezwa upya, tamu za kweli, na sasa kila mwisho wa mwezi anapita kuchukua nyingine.

Hadithi hiyo imekuwa kichekesho cha ukoo mzima. Mwandishi wa makala haya naye aliicheka, hadi aliposimama na Mama Bonyeza langoni mwa hospitali, kando ya kabati lake la kioo.

Wauguzi wa usiku wanatoka, wa asubuhi wanaingia, na wote wanapita kwake.

"Nipe mbili, Mama Bonyeza, leo nimezalisha mapacha," anasema mmoja, macho mekundu kwa usingizi.

"Basi chukua tatu, ya tatu ya mama yao."

Wateja wanapopungua anaulizwa: hivi mtu anachanganyaje chumvi na sukari jikoni mwake mwenyewe? Mama Bonyeza anageuka kushoto, anageuka kulia, ingawa mama mkwe yuko mtaa wa tatu kutoka hapo.

"Kopo la sukari liko mezani, ubavuni mwa bakuli," anasema kwa sauti ya chini. "La chumvi nililipandisha juu ya kabati tangu pua ilipokufa, nisije nikakosea. Kulifikia ni mpaka upande stuli."

Anafuta kioo ambacho ni kisafi.

"Nilipanda stuli."

Na ile ndimu ya kila siku?

Anacheka. "Kipande kile ni ganda, hamna hata tone. Ndimu naikamua yote mara ya kwanza. Vijiko ni vilevile, kopo ni lilelile, itapungua vipi? Lakini mama akisema ndimu, nakamua. Tafadhali, hajui huyo. Akijua ataona namfanya mtoto."

Mchana, nyumbani, mama mkwe yuko peke yake, anakunja vitambaa vya kufunikia trei. Anaulizwa juu ya Jumamosi ile. Anaweka kitambaa chini na kushusha miwani.

"Wewe mwanangu, ile stuli ina mguu mmoja mfupi. Ikiburutwa inalia nyumba nzima. Mimi nipo kitandani, nasikia stuli inalia alfajiri. Nikajiuliza, stuli ya nini? Juu ya kabati kuna mishumaa na chumvi, na umeme ulikuwepo. Nikasema mh! Nikajiandaa." Anatikisa kichwa. "Ila sikujua atatia kiasi kile. Siku mbili nakunywa maji tu."

Kumbe! Na ndimu je, mama?

"Ndimu inatosha. Tangu mwaka jana haijapungua hata siku moja." Anakunja kitambaa kingine, anakilaza juu ya wenzake. "Nikisema sawa mara ya kwanza, ananipa mgongo, anakwenda zake jikoni. Nikisema ndimu, anakuja mara mbili."

Mama Bonyeza ana mpango. Mkabala na lango la hospitali kuna chumba kidogo cha biashara kinachotafuta mpangaji, na akiba yake inakisogelea. Anataka oveni kubwa zaidi, meza mbili, na dirishani kiti chenye mikono na mto wa mgongo, kinachopata jua la asubuhi. Kiti hicho ameshakichagua kwa fundi seremala, lakini hajakitaja nyumbani. "Atasema namzeesha," anasema. Alipoulizwa kama yote haya yaandikwe, alifikiri kidogo, akasema yaandikwe, kwani yeye mwenyewe hatayasema kamwe.

Mama mkwe naye aliulizwa swali hilohilo.

"Andika. Jumapili mjukuu hunisomea gazeti, na mama yake hukaa palepale ananyoosha nguo, anajifanya hasikii. Kati ya mtu na mkwewe kuna maneno hayapiti mdomoni. Acha yapitie huko kwenu."

Akamsindikiza mgeni mlangoni, mahali palepale begi la buluu lilipokuwa limekaa. Akapatazama.

"Unajua kwa nini nilimkataza mwanangu asilishike lile begi? Angeligundua ni jepesi. Alikuwa ameniambia nipakie, sikutaka aone nimemdharau, nikatia mto wangu wa kulalia nikafunga zipu. Nguo zangu zote zilikuwa kabatini. Mwandikie asipande tena stuli ile, itamvunja mguu. Mwambie mimi nilikuwa siendi popote."