Uji wa Mchana wa Ramadhani

Juzi niliingia mahakamani mjini kusikiliza uchunguzi wa kifo cha mfungwa mmoja, kijana wa Bububu. Askari wa zamu alisimama kifua mbele, akasoma daftari la gereza: "Asubuhi saa moja nimemkagua. Mzima wa afya. Kanywa uji wote." Saa nne ya asubuhi ile ile, alisema, akamkuta keshakufa.

Karani alikwisha kuanza kukusanya karatasi zake pale mama wa marehemu alipoinua mkono ndani ya buibui.

"Sema, Bi Mkubwa," akasema hakimu.

"Nnauliza tu, bwana. Siku ile hatukuwa tumefunga?"

"Tulikuwa tumefunga."

"Mwanangu akiwa mzima hali mchana wa Ramadhani. Na kama kanywa uji, basi alikuwa mgonjwa. Daktari kaitwa?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Askari alilikodolea macho daftari kama kwamba kaandika mtu mwengine, akalamba midomo iliyomkauka, maana mwezi ulikuwa haujaisha, na yeye alikuwa kafunga.

"Sikupita, bwana," akasema mwisho. "Nimeandika kama tunavyoandika siku zote."

Nimesikia mawakili wengi wakinguruma mle ndani. Sijasikia swali kama lile. Nje nilimpa mkono wa pole, nikamsifu kwa akili yake.

"Akili gani, mwanangu? Nilijua kijana wangu kafunga. Magharibi ya siku ile ile nilimpelekea futari, wakaipokea mlangoni."

Futari hiyo nani kaila, daftari halikusema.