Kichwa cha gia cha marehemu baba

Leo mamangu amenibadilishia gia bila kuombwa, na gari langu ni otomatiki.

Kichwa cha gia kilipasuka juzi. Nikakumbuka kile cha pikapu ya marehemu baba, ya miaka ya themanini. Fundi akakikaza kikakaa sawasawa. Juu kimechorwa moja hadi nne. Urembo tu.

Sasa, marehemu baba hakuweza kumpita mtu bila kumsalimu. Mkono wa kulia dirishani, wa kushoto kwenye usukani. Gia akitia nani? Mama, pale ubavuni.

Leo tunakwenda Mambrui, namwona shangazi kando ya njia. Natoa mkono dirishani. "Shikamoo, shangazi!"

Mara injini inanguruma, gari halivuti. Lori la nyuma linapiga honi.

Natazama chini. Mkono wa mama uko kwenye gia, ameisukuma mbele.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekutilia tatu."

Tatu gani, jamani. Kanitilia nyutro.

Tumeegesha kando, tumecheka mpaka machozi. Nikamwambia kesho nakitoa kichwa hiki cha gia. Nyinyi mngekitoa?

Yeye hakukiachilia. "Wewe salimu watu, mwanangu. Gia niachie mimi."