Jirani Aliyetuambia Tusilale Nyumbani

Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, nilisimama tena Saboti mahali palipokuwa jikoni kwa nyanya yangu. Sikupatambua. Pana mikaratusi sasa, imepandwa kwa mistari, na chini yake nyasi za kulisha ng'ombe. Mume wangu alikuwa ameshaisimamisha kamera, na maikrofoni akaibana kwenye kola ya blauzi yangu. Akaniambia niseme chochote ili apime sauti. "Sema tu ulikunywa nini asubuhi." Mimi nikaanza kusema tulichokuwa tukinywa hapo nikiwa mtoto, na kabla sijajua nilikuwa nimefika mbali, mpaka akainua mkono kuniashiria kwamba inatosha.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Tunatengeneza filamu za historia ya huku kwetu, kutoka Kitale hadi Bungoma. Hatujaajiriwa na mtu. Yeye anashika kamera, mimi nauliza maswali, na usiku na mchana chumba chetu cha kulala kina nyaya sakafuni kwa sababu ndimo tunamohariria. Filamu ikiisha tunaionyesha kwenye kumbi za makanisa na shule, kwa shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Yeye ni mtoto wa Kabuchai, aliyekulia kwenye miwa. Watu wakituuliza tulikutana wapi tunasema darasani, na ni kweli: nilifika shuleni kwao katikati ya muhula, nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Safari hii tulikuwa tunatengeneza filamu ya yale mashamba makubwa ya Trans-Nzoia, vile yaligawanywa baada ya wazungu kuondoka na watu wakaja kutoka kila upande kununua vipande. Wazee walizungumza vizuri kuhusu matrekta, kuhusu baridi, kuhusu mahindi yaliyokuwa yakimpita mtu kimo. Lakini kila tulipofika kwenye ule mwaka wa watu kuhama, mtu aliinuka akasema anakwenda kuangalia ng'ombe.

Mimi niliyajua ya mwaka huo, kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kujua.

Niliishi na nyanya kwa sababu mama alikuwa mwalimu mbali na nyumbani. Shamba la nyanya halikuwa kubwa, lakini kwangu halikuwa na mwisho. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Mlima Elgoni ukakaa juu ya mahindi kama moshi uliokataa kupanda. Sisi wajukuu tuliamka kwa sauti ya mwiko. Nyanya alisonga ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, na mboga ya mrenda iliyotiwa chumvi ya majivu ambayo aliichuja mwenyewe kwenye kopo lenye matundu. Sikuupenda mrenda. Nyanya hakubishana na mtoto juu ya chakula. Alisema tu, "Kura kwanza, mdomo utajua baadaye," kwa ile l na r yake iliyokuwa ikibadilishana nafasi ipendavyo.

Baada ya mavuno tulikaa barazani tukipukuchua mahindi. Vidole gumba viliota malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Watu wazima walilipiga kwa fimbo gunia lililojaa mahindi, na vumbi lake likatuingia shingoni na kuwasha hadi tuoge. Nasema haya kama kwamba yalikuwa mateso, lakini jioni tulipochoma mahindi ya mwisho mabichi na nyanya akaleta chai ya maziwa mengi, hakuna aliyetaka kwenda kulala.

Maziwa hayo yalitoka kwa jirani. Boma lake lilikuwa juu yetu kidogo, upande wa mlima, na yeye alikuwa mtu wa mlimani hasa, aliyezaliwa huko na kuolewa huko. Alikuja kila asubuhi na kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa ndani, akarudi na unga au mboga au ndizi. Lugha yake nyanya hakuijua, na yetu yeye hakuijua, kwa hivyo walizungumza Kiswahili cha kujitengenezea. Walicheka sana. Sisi watoto tulipowasahihisha, wote wawili walitugeuzia macho makali. Wao kwa wao waliitana "Jirani" tu, na mimi nilikuwa mkubwa kabla sijafikiria kwamba mama yule alikuwa na jina.

Alikuwa pia na mwana, kijana aliyemaliza shule, mrefu, asiyesema. Alikuwa akipita na ng'ombe njiani akatuitikia kwa kichwa. Ni hayo tu niliyoyakumbuka juu yake.

Sasa ule mwaka. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mengine bado yako na maganda. Watu wazima walikuwa wameanza kunyamaza tulipoingia chumbani. Kulikuwa na habari za nyumba za watu waliohamia kama sisi kuchomwa sehemu nyingine, na nyanya alisema ni mbali. Kisha mchana mmoja, saa ambayo hakuwa na desturi ya kuja, jirani akatokea. Hakuwa na kibuyu. Hakupita langoni, alisimama nje ya ua.

"Jirani," akasema, "leo musilale hapa."

Nyanya alikuwa akipepeta. Akaweka ungo chini. "Nani amesema?"

"Usiniulize. Chukua watoto, uende kwa kanisa huko Kitale. Usingoje jioni."

"Na mahindi?"

"Jirani. Wacha mahindi."

Nyanya akaniambia nivae sweta mbili. Tuliondoka na sufuria moja, blanketi, na kuku wawili waliofungwa miguu. Asubuhi iliyofuata mtu aliyekuja kanisani alimwambia nyanya kwamba nyumba yetu imeungua, na ghala, na za wenzetu waliokuwa kando. Waliobaki hawakuwa na bahati kama yetu. Nyanya hakulia mbele yetu. Alichinja kuku mmoja, akampikia kila aliyekuwa karibu. Baadaye ndugu zake walikuja na lori wakatuchukua Kabuchai, na hapo ndipo nikaingia shule niliyokwambia. Nyanya hakurudi Saboti tena.

Kumpata jirani hakukuwa kugumu. Boma lake liko palepale, ila sasa lina mabati. Ni mzee sana, macho yameanza kuingia ukungu, lakini nilipomwambia mimi ni mjukuu wa nani alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanitemea mate kifuani kunibariki kama watu wa zamani walivyofanya. Akakubali kurekodiwa. Tulimkalisha nje penye mwanga mzuri. Nilimuuliza juu ya maziwa, juu ya mboga, akacheka akikumbuka Kiswahili chao. Swali nililoliogopa sikuliuliza. Mume wangu alikuwa akinitazama kutoka nyuma ya kamera, akingoja.

Yule mama akalijibu bila kuulizwa.

"Unataka kujua nilijua aje," akasema. "Ni mtoto yangu aliniambia. Alikuja kukula saa sita, akasema, mama, usiku hii hapo chini kutachomwa. Basi mimi nikatoka. Nikasema. Na wenzake wakakuja kumuuliza, ni nani ametoa maneno? Akakimbia, akaenda Lwakhakha, huko mpakani. Amekaa huko mingi, miaka, akiuza vitunguu na mitumba. Hata baba yake akikufa hakukuja. Mimi ndiyo nilimfukuza mtoto yangu, kwa huu mdomo." Kisha akaniambia, "Hiyo usiweke. Amerudi, anaishi hapa na watu. Usiweke."

Tulirudi Kitale. Nyumbani ndipo tulipogombana.

"Huwezi kuiondoa hiyo," mume wangu akasema. "Hiyo ndiyo filamu. Zile zingine zote ni matrekta."

"Amesema tusiweke."

"Nimesikia. Lakini Mama Watoto, watu wamenyamaza tangu tukiwa wadogo. Sisi tuliwapokea nyinyi kwetu, tukalala watano kitandani, na hakuna mtu mzima aliyetuambia mnatoka wapi na kwa nini. Ati wageni. Mpaka lini?"

"Mpaka wenyewe waseme. Si wewe. Si mimi."

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Kwa siku kadhaa tuliendelea kuhariri, kila mmoja na kipande chake, tukiambiana tu nipitishie chaja, chai iko tayari. Nilijua ana haki kidogo. Nafikiri naye alijua hivyo kunihusu. Mwisho akaniambia, "Tumuulize mwenyewe. Huyo mwana. Akikataa, nitakifuta kipande hicho mbele yako."

Niliogopa, lakini lilikuwa jambo la haki. Tukarudi Saboti. Kamera tuliiacha ndani ya gari.

Mwana wa jirani ni mzee sasa, mvi kote. Tulimkuta akitengeneza ua. Mama yake alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua maharagwe, na nilitaka tumwite mwana pembeni, lakini akasema yeye hana maneno ya pembeni. Kwa hivyo mume wangu akamwambia palepale, kwa heshima, kile mama alichosema na kwamba amekataa kionyeshwe. Mikono ya yule mama ilisimama juu ya maharagwe.

Mzee yule alipiga msumari aliokuwa ameuanza, akaumaliza. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, kwani unafikiria nilikwambia kwa nini?"

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"Mimi singeweza kushuka kwa hiyo boma. Vijana walikuwa wananiangalia, wangeniua mimi kwanza. Lakini wewe ulikuwa unaenda huko kila siku. Nani angekuuliza? Kama ningetaka ikae kimya, ningekula chakula ninyamaze. Nilikwambia ndiyo uende."

"Ulijua nitaenda?" akauliza yule mama.

"Nani hakujua wewe na huyo jirani yako? Nilijua utaenda hata kabla nimalize kukula."

"Na ukakaa miaka hiyo yote, hukuniambia?"

"Nilifikiria unajua, mama."

Yule mama alianza kulia kimya kimya, na mwanawe akaja akachuchumaa mbele yake, akawa anaokota maharagwe yaliyomwagika, moja moja, akiyarudisha kwenye ungo. Mimi na mume wangu tulitoka nje ya ua. Alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi barabarani. Baada ya muda mzee akatufuata. "Leteni hiyo mashine yenu," akasema. "Nitasema mwenyewe. Mama asibebe hiyo peke yake."

Akasema, mchana kweupe, akiwa ameketi kando ya mama yake, bila kutaja jina la mwenzake hata mmoja. Yeye hakwenda kuchoma, lakini alikuwa amekaa nao walipopanga, na hilo pia alilisema.

Filamu tuliionyesha kwanza Saboti, kisha Kitale, kisha Kabuchai. Saboti watu wawili waliondoka kabla haijaisha. Waliobaki walikaa mahali pao hata baada ya shuka kuwa jeupe tena, na mwanamke mmoja ambaye hatukumjua akasimama akaanza kusimulia ya kwao, na hakuna aliyekwenda kuangalia ng'ombe. Mzee yule bado anaishi pale. Kuna wasiomsalimia. Anasema alizoea hivyo Lwakhakha.

Kabuchai tuliionyesha katika ukumbi wa kanisa ambalo nyanya alizikwa karibu nalo. Nilikuwa nimedhani nitakumbuka jikoni, au ugali, au ukungu ule wa asubuhi. Vitu hivyo vimekwisha na nimezoea kwamba vimekwisha. Hata ile lugha ya nyanya na jirani, ya kujitengenezea, amebaki mtu mmoja tu anayeijua, na hana wa kuzungumza naye. Nilichokumbuka ni sala ya jioni. Katika miaka yote ya Kabuchai, mpaka alipokuwa hawezi tena kupiga magoti, nyanya alitukusanya akaomba kwa zamu, kwa ajili ya watoto, ng'ombe, wagonjwa, na mwisho kila mara, "na yule jirani wa juu, umkumbuke." Sisi tukaitikia amina, tukiwa na usingizi. Mwana wa jirani hakutajwa hata jioni moja, kwa kuwa nyanya hakujua kwamba onyo lile lilianzia kwake. Na wengi wa wale waliokuwa wakiitikia wamekwisha kufa bila kujua.