Jibu Kutoka Dungu la Pili

Nyanya yangu amesahau jina langu. La dada, binti wa mjomba, analikumbuka vizuri, ingawa dada anafundisha Malindi na huja hapa kijijini Hewani mara mbili kwa mwaka. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha na kumfuata akitoka. Akiniona husema, "Wewe wa jirani, mwambie mjukuu wangu aje." Mjukuu ni dada.

Kila asubuhi nyanya hutaka kwenda shambani kuamia ndege wasile mpunga. Shamba lenyewe halipo. Mto ulihama, siku hizi pale ni kichaka cha miiba ya mathenge. Mwanzoni nilimwambia ukweli. Alilia kama aliyefiwa. Kesho yake akawa amesahau, nikamwambia tena, akalia upya. Mjomba akaamua tumfungie mlango. Tulimfungia siku moja tu. Alikwaruza mbao mpaka kucha zikatoa damu.

Basi nikamjengea dungu, jukwaa la kulindia ndege, nyuma ya jiko, fupi, la kupanda hatua mbili. Hukaa juu na kombeo lake, akipaza sauti: "Wanakuja kwako!" Zamani kwenye mpunga, ndege wakikupita unamwonya mwenye dungu la pili, naye lazima ajibu. Asipojibiwa, nyanya huita mpaka sauti ikauke. Siku moja nikiwa naosha sufuria nilijibu, "Nimewapokea!" Akatulia, akaomba chai.

Mwaka huu kaunti iliita watu Garsen kutoa maoni juu ya sera ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau na wanaowatunza. Mjomba alisema dada ndiye atakayetusemea. "Wewe utakaa na nyanya," akaniambia. "Hata salamu huzimalizi."

Huko Garsen mimi na nyanya tuliketi nyuma ya ukumbi, dada kando yetu. Afisa alikuja kumsalimia nyanya, akamuuliza kwa utani, "Mama, nani anakutunza?"

Nyanya akamwonyesha dada. "Huyu. Hachoki huyu."

Watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka sabuni ya nguo zake.

Afisa akasoma rasimu. Kifungu kimoja kilisema mzee anayepotea njia awekwe ndani, mlango ufungwe. Watu wengi waliitikia kwa kichwa. Nikakumbuka zile kucha. Dada akaniinamia.

"Mdogo wangu, hili la kufunga halinikai moyoni. Nyumbani mnafanyaje?"

Sikutaka kumwambia. Lile jibu la ndege ndilo pekee nililokuwa nalo ambalo yeye hakuwa nalo.

"Basi simama useme mwenyewe," akasema.

Nilijaribu. Niliinuka nusu, nikaketi tena. Afisa alikuwa tayari anafungua ukurasa wa pili, kwa hiyo nikamweleza dada haraka, yote, hata la kombeo.

Alisimama, akasema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Alisema, "Sisi nyumbani hatumfungii. Tunamjibu." Mama mmoja wa Kiorma akasema mzee wake huita ng'ombe waliokufa kwa ukame, naye atajaribu kumwitikia. Afisa akakifuta kwa mstari kile kifungu. Akaomba jina la mtoa maoni, liandikwe. Dada akatoa lake.

Njiani alinishika bega. "Tumeshinda." Nilisema ndiyo. Nilitaka mkono wake utoke.

Asubuhi iliyofuata dada alikuwa bado amelala. Nyanya alipanda dungu, akaita, "Wanakuja kwako!"

Sikujibu. Nilijiambia, huyo anayesema tunamjibu na aamke amjibu. Nyanya akaita mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne sauti ilitetemeka, akageuka kutafuta dungu la pili kwa macho, huku na huku, akaanza kushuka kwenda kulitafuta.

"Nimewapokea!" nikapaza sauti.

Akarudi kukaa. "Nilidhani umehama," akasema.

"Niko," nikamwambia. Nikaenda kumtilia chai.